Orodha za "VPN bora" hazikuandikwa kwa ajili yetu



Katika makundi yetu ya WhatsApp, ya Butembo na ya Beni, kuna swali moja ambalo halizeeki: "Mukubwa, ni VPN gani ya muzuri?" Na majibu ni yaleyale. Mmoja anatuma kiungo cha orodha ya ng'ambo, "VPN kumi bora za mwaka huu". Mwingine anatuma APK palepale, anaongeza maneno mawili: "Weka hii, hakuna mutu atakuona."

Nimesoma nyingi za orodha hizo, za Kifaransa na za Kiingereza. Leo nataka tuzikosoe namna tulivyofundishwa kukosoa kitabu ku auditoire: nani ameandika, amemuandikia nani, nani amelipa, na ni nini ameacha bila kusema. Kisha nitasema waziwazi kile ambacho mimi ningechagua, juu ukosoaji ambao hausaidii mtu kuamua ni masolo tu.

1. VPN inafanya nini kweli

Tuseme unatuma barua Kampala kwa dereva wa gari. Barua iko ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa hiyo dereva hawezi kusoma ndani. Lakini anasoma juu: inatoka kwa nani, inaenda kwa nani, saa ngapi, uzito gani. Sasa wewe unaamua kuchukua bahasha ile, unaitia ndani ya bahasha ya pili, na juu unaandika jina la wakala mmoja tu wa Kampala. Dereva sasa anaona tu jina la wakala. Wakala anapokea, anafungua bahasha ya nje, anasoma anwani ya ndani, anaipeleka mpaka inapotakiwa.

Hiyo ndiyo VPN. Dereva ni mwenye wifi ao kampuni ya simu. Wakala ni kampuni ya VPN. Muangalie vizuri kilichotokea: kile ambacho dereva alikuwa anakijua hakikupotea. Kimehamia kwa wakala. Ulikuwa na shahidi mmoja hapa mtaani, sasa uko na shahidi mwingine mbali, ambaye haumujui sura, na sheria za nchi yake haujawahi kuzisoma.

Kwa hiyo "VPN gani ni bora" inarudi ku swali jingine: kati ya mwenye wifi huyu na kampuni ile, ni nani unamuamini zaidi kwa jambo hili unalotaka kufanya leo? Orodha zile karibu zote zinaruka swali hilo. Zinaenda moja kwa moja ku mbio: hii ina kasi, ile ina seva maelfu, nyingine inafungua filamu za Netflix ya Marekani. Ni maandishi ya mtu aliye ku kochi yake Lyon ao Toronto, mwenye intaneti isiyohesabiwa kwa mega. Hawamudanganyi huyo. Lakini sisi si yeye.

2. Hofu ya wifi ya watu wote

Kila orodha inaanza na kutisha: ukiingia ku wifi ya hoteli ao ya chuo bila VPN, mwizi anasoma maneno yako ya siri palepale. Zamani ilikuwa kweli. Mwezi wa 10 mwaka 2010 mtaalamu mmoja, Eric Butler, alitoa kiongezo cha Firefox kinachoitwa Firesheep. Mtu yeyote, hata asiyejua chochote cha informatike, aliweza kukaa ku wifi isiyo na neno la siri na kuingia ku Facebook ya jirani yake kwa kubofya mara moja. Alifanya hivyo makusudi ili aonyeshe aibu ya makampuni makubwa, ambayo yalifunga ukurasa wa kuingilia peke yake na kuacha kurasa zingine wazi.

Aibu ilifanya kazi. Leo sehemu kubwa sana ya tovuti tunazofungua ziko na https, ni kusema bahasha imekwisha kufungwa kabla haijatoka ku simu yako. WhatsApp inafunga ujumbe toka mwanzo mpaka mwisho kwa watu wote tangu mwezi wa 4 mwaka 2016. Mwenye wifi anaweza kuona kwamba umefungua tovuti fulani, saa fulani, na umekaa muda gani. Ulichosoma ndani, ulichoandika, neno lako la siri, hayo haoni.

Je, hiyo inamaanisha wifi haina hatari? Hapana. Kwanza, jina la tovuti peke yake linaweza kusema mengi. Binti anayesoma juu ya ugonjwa fulani usiku tatu mfululizo, mwanafunzi anayefungua kila asubuhi gazeti ambalo wakubwa hawalipendi: hakuna haja ya kusoma ndani ili mtu aanze kukisia. Hapo VPN inasaidia, na inasaidia vizuri.

Pili, kuna hatari ambayo orodha haziitaji, nayo ndiyo ninayoiona zaidi kwetu. Wifi nyingi za kulipia tiketi zinafungua kwanza ukurasa wa kuingiza kodi. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutengeneza wifi yenye jina lilelile, ukurasa unaofanana, na kukuomba "ingia kwa Facebook yako upate saa moja ya bure". Ukiandika pale, umempa mwenyewe kwa mkono wako. VPN haikuokoi, juu ukurasa ule kwa kawaida unakuja mbele ya VPN kuwaka. Kinachokuokoa ni kukataa kuandika neno la siri la Facebook mahali ambapo si Facebook, na kuweka uthibitisho wa hatua mbili. Hiyo haiuzwi, ndiyo maana haina tangazo.

3. Nani analipa orodha

Ukibonyeza jina la VPN ndani ya orodha na ukanunua, mwandishi mara nyingi anapata asilimia. Wengine wanaandika hivyo chini kabisa kwa herufi ndogo. Si uhalifu. Hata muuza viatu ku soko anasifu viatu anavyouza. Tatizo linaanza pale muuzaji na mwamuzi wanakuwa mtu mmoja.

Mfano ni huu. Kulikuwa na kampuni inaitwa Crossrider. Vifaa vyake vya kutengenezea viongezo vya kivinjari vilitumiwa sana na watu waliopachika matangazo ndani ya mashini za wengine. Mwaka 2017 ilinunua CyberGhost. Mwaka 2018 ilibadilisha jina ikawa Kape Technologies. Mwaka 2019 ilinunua Private Internet Access, na mwaka 2021 ikanunua ExpressVPN kwa dola milioni 936. Mwaka uleule wa 2021 ilinunua pia kampuni yenye tovuti ya vpnMentor, mojawapo ya zile zinazotuandikia orodha za VPN bora.

Sisemi kwamba VPN hizo ni mbaya. ExpressVPN imekubali wakaguzi wa nje mara nyingi. Nasema tu: mukisoma orodha, mutafute kwanza nani ni mwenye nyumba. Ukikuta mwenye nyumba ndiye pia mwenye duka, usome kama unavyosoma tangazo.

4. Za bure, na zile za "koneksyo ya bule"

Hapa ndipo nataka tukae muda, juu hapa ndipo wengi wetu tunaishi. Hakuna mwanafunzi wa Furu ao wa Mulekera anayelipa dola 10 kwa mwezi kwa VPN wakati minerval haijaisha. Kwa hiyo tunachukua ya bure. Na ya bure, mara nyingi, tunaipata kwa Xender kutoka simu ya rafiki.

Mwaka 2016 watafiti wa CSIRO ya Australia, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu, walichunguza programu 283 za Android zinazojiita VPN. Matokeo yake nilipoyasoma niliyarudilia mara mbili. Asilimia 18 hazikufunga kabisa kile zinachopitisha: bahasha ya pili haikuwepo. Asilimia 75 zilikuwa na vifaa vya watu wa tatu vya kufuatilia mtumiaji. Asilimia 38 zilionyesha dalili ya programu chafu. Tukumbuke: ni programu ambazo watu walizipakua ili wajilinde.

Visa vyenye majina pia haviko vichache. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Hola, VPN ya bure yenye mamilioni ya watumiaji, ilikuwa inapitisha safari za watu wengine ndani ya mashini za watumiaji wake, na kuuza nafasi hiyo kupitia kampuni ndugu iliyoitwa Luminati. Ni kusema mtu asiyejulikana aliweza kufanya mambo yake, na anwani inayoonekana ikawa ya kwako. Facebook ilinunua Onavo mwaka 2013. Programu yake ilijitangaza kama ulinzi, kumbe iliionyesha Facebook ni programu gani watu wanatumia na kwa muda gani. Apple iliilazimisha itoke dukani kwake mwaka 2018. Na mwaka 2020, UFO VPN na ndugu zake kadhaa za Hong Kong, ambazo zote ziliapa kwamba hazihifadhi kitu, zilikutwa zimeacha wazi ku intaneti kumbukumbu za watumiaji wao, pamoja na maneno ya siri. Kati ya waliogundua walikuwa vpnMentor walewale, kabla hawajanunuliwa. Dunia ni ndogo.

Sasa tuje ku ile yetu. Kuna vijana wanaosambaza mafaili ya HA Tunnel, ya HTTP Injector na zingine, ndani ya Telegram na WhatsApp: "Faili mupya, Airtel inapita, Voda inapita, koneksyo ya bule siku saba." Watu wanashangilia. Ninaelewa furaha hiyo. Mega ni ghali na memwari haingoji. Lakini muulize swali la wakala wa Kampala. Faili ile inabeba anwani ya seva. Seva ni ya nani? Mara nyingi faili limefungwa, hauwezi hata kuona jina la seva ndani yake. Kila kitu cha simu yako kinapita kwa mtu ambaye haumujui, ambaye analipia seva kwa pesa yake kila mwezi, na ambaye anakupa bule. Mtu huyo anakula wapi?

Pengine ni kijana mwema anayependa sifa. Pengine anauza orodha ya mnachofungua. Mimi sijui, na wewe haujui, na hiyo ndiyo hoja yenyewe. Ukilinganisha na wifi ya hoteli, mwenye hoteli angalau tunajua anakaa wapi.

5. Mambo ambayo orodha haijui juu ya kwetu

La kwanza ni forfe. Wengi tunanunua forfe ya WhatsApp peke yake, ile ya bei ndogo. Kampuni ya simu inaitambua WhatsApp kwa kuangalia anwani ku bahasha. Ukiwasha VPN, anwani inabadilika: kampuni inaona wakala tu, haioni WhatsApp. Matokeo ni kwamba forfe ya WhatsApp haitumiki, na mega za kawaida ao unite zako zinaliwa. Watu wanalia "bameniiba unite", kumbe ni VPN iliyowaka usiku kucha. Zaidi ya hayo, bahasha ya pili nayo iko na uzito: VPN yoyote inaongeza kidogo mega unazotumia.

La pili ni pesa ku simu. Nimesikia mara nyingi: "Niliweka VPN juu ya kulinda M-Pesa yangu." Ukipiga kodi ya nyota na reli, ujumbe ule haupiti ku intaneti hata kidogo. Unapita ku njia ya mnara wa simu yenyewe. VPN haiujui na haiugusi. Na wezi wa pesa za simu kwa kawaida hawavunji kufuli: wanakupigia, wanajifanya ajenti, wanakuomba kodi. Kwa mnara huohuo, VPN haimufichi mtu mahali alipo: kampuni ya simu inajua kila saa laini yako iko karibu na mnara gani.

La tatu ni kukatwa. Hapa inabidi tukumbuke vizuri, juu sisi watu wa Beni na Butembo tuliishi jambo ambalo wachache duniani wameliishi. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2018, CENI ilitangaza kwamba uchaguzi kwetu unaahirishwa mpaka mwezi wa 3 mwaka 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama. Nchi nzima ilipiga kura tarehe 30, sisi tulibaki nje. Beni watu walipanga mistari na kupiga kura yao ya mfano. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ikakatwa nchi nzima. Ilirudi baada ya karibu siku 20, mwezi wa 1 mwaka 2019. Kwa hiyo tulinyimwa kura, kisha tukanyimwa njia ya kusema kwamba tumenyimwa kura.

Siku zile, watu waliuliza: VPN gani inapita? Jibu ni hakuna. Barabara ikiwa imekatwa, bahasha mbili ao tatu hazisaidii. Gari lenyewe halipo. VPN inasaidia pale ambapo barabara iko na kizuizi kimoja tu kimewekwa. Mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuingia Goma, X na TikTok vilizuiwa, na kweli VPN ilifungua. Jirani zetu wa Uganda wanajua tofauti hiyo kwa ngozi yao: Facebook ilizuiwa kwao tarehe 12 mwezi wa 1 mwaka 2021, na wengi waliendelea kuingia kwa VPN, lakini kuanzia usiku wa tarehe 13 intaneti yote ilipozimwa kwa ajili ya uchaguzi, VPN zote zilinyamaza mpaka tarehe 18. Wenzetu wa Kasindi wanaoshika mnara wa ng'ambo wanajua kwamba siku kama hizo laini ya nchi ya pili ina faida kuliko programu yoyote.

Na kwa wale wanaosafiri: sheria hazifanani. Tanzania, mwezi wa 10 mwaka 2023, mamlaka ya mawasiliano ilitaka watumiaji wa VPN wajitangaze na kutoa anwani zao. Ukienda kuchukua bidhaa Dar es Salaam, ujue hilo kabla haujashuka ku basi.

La nne ndilo zito. Jimbo letu liko chini ya hali ya kuzingirwa tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, na raia anaweza kusimama mbele ya mahakama ya kijeshi. Vijana wetu wanapokea picha za mauaji, majina ya waliotekwa, sauti za mashahidi kutoka vijijini. Wengine wanazituma kwa waandishi wa habari na kwa mashirika. Nimewasikia wakisema kwa utulivu: "Hakuna shida, niko na VPN."

Wapenzi, iko shida. Ku barriere hakuna mtu anayeangalia safari ya ujumbe wako ku intaneti. Wanasema: "Leta simu, fungua." Picha ziko ku galeri. Mazungumzo yako ku WhatsApp. Jina la shahidi limeandikwa pale kwa herufi kubwa. VPN imelinda barabara, lakini mzigo uko mkononi mwako. Na upande mwingine wa vita, ukikutana nao njiani, ni vilevile ao ni vibaya zaidi. Kwa kazi hiyo, kinachohesabika ni kufuta baada ya kutuma, ujumbe unaojifuta wenyewe, kufuli la simu lisilo la uso wala kidole, na kutoandika jina kamili la mtu ambaye uhai wake unategemea jina hilo. Orodha inayomwambia kijana kwamba VPN "inakufanya usionekane" inaweza kumuua mtu. Sisemi kwa kukuza maneno.

6. Kwa hiyo ningechagua nini

Vipimo vyangu ni vinne. Kampuni iwe na wenyewe wanaojulikana, jina na nchi. Njia inayoiletea pesa ieleweke. Iwe imekubali wakaguzi wa nje na kuchapisha waliyoyakuta. Na programu isiombe ruhusa ambayo haina kazi nayo: VPN haina haja ya SMS zako, ya majina ya watu wako, wala ya mikrofoni.

Proton VPN. Inatoka Uswisi, ilianza mwaka 2017, imezaliwa na watu waliokutana CERN. Toleo lake la bure halina kikomo cha mega na halina matangazo. Wanaolipa ndio wanaowabeba wasiolipa. Kodi ya programu zake iko wazi kwa yeyote kuikagua. Kasoro: ya bure haikuruhusu kuchagua nchi, na saa zingine inakuwa polepole. Pia tusiwafanye malaika. Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo, kwa upande wa barua pepe, ililazimishwa na sheria ya Uswisi kutoa anwani ya IP ya mwanaharakati mmoja Mfaransa. Kampuni ya kweli inatii mahakama ya nchi yake. Kwa mwanafunzi asiye na pesa, bado ndiyo ningeweka ya kwanza.

Mullvad. Inatoka Uswidi. Haiombi jina wala barua pepe. Inakupa namba tu. Bei ni euro 5 kwa mwezi, haijabadilika tangu 2009. Mwezi wa 4 mwaka 2023 polisi walifika ofisini kwake Göteborg na hati ya kuchukua mashini zenye habari za wateja. Walirudi mikono mitupu, kwa sababu hakukuwa na habari ya kuchukua. Kwangu, siku moja kama hiyo ina uzito kuliko orodha mia. Kasoro ni ya kwetu zaidi kuliko ya kwao: kulipa euro kutoka Butembo bila kadi ya benki ni safari, na euro 5 ni mega za siku nyingi. Ni ya wale wanaofanya kazi ya habari ao ya haki za watu, wakilipiwa na ofisi.

Psiphon. Ilizaliwa Chuo Kikuu cha Toronto, mwaka 2006. Kazi yake ni kuruka vizuizi, na inafanya vizuri. Lakini wenyewe hawaahidi kukuficha, na toleo la bure linaonyesha matangazo. Iweke ku simu mapema, kwa siku ambayo mtandao wa kijamii utazuiwa. Usiiweke kama pazia la kila siku.

Tor, kwa Orbot ao kwa kivinjari chake. Inagawanya safari kwa mawakala watatu, ili asiwepo hata mmoja anayejua mwanzo na mwisho. Ni polepole, inachosha, na kwa picha nzito haifai. Lakini kwa kutuma ushahidi mfupi wa maandishi, sijui kitu cha bure kilicho bora zaidi.

Ukiisha kuchagua, chukua ku duka la simu ao ku tovuti ya kampuni, usichukue kwa Xender. APK ya "Premium ya bule" imefunguliwa na kufungwa tena na mkono usioujua. Kisha ingia ku mipangilio ya VPN ya Android yako, uwashe VPN permanent, pamoja na ile ya kuzuia koneksyo isiyo na VPN, kwa wakati unaoihitaji kweli. Bila hiyo, VPN ikianguka katikati, simu inaendelea wazi na wewe haujui. Ukirudi ku forfe ya WhatsApp, izime.

Na kwa wengi wetu, siku nyingi, jibu la kweli ni kwamba hauhitaji VPN. Unasoma PDF ya kozi, unaongea na mama Lubero, unatazama mpira. Sasisha simu, weka hatua mbili ku akaunti zako, usiandike neno la siri ku ukurasa usioujua. Hayo matatu yanazuia mabaya mengi kuliko VPN ya bure usiyojua mwenyewe.

Kuna wanaosema: "Sina la kuficha." Sawa. Lakini simu yako imebeba pia ya wengine: namba ya shangazi, sauti ya jirani aliyekimbia Kanyabayonga, picha ambayo rafiki alikuamini nayo. Hao hawakuulizwa kama wako na la kuficha. Unapoweka ku simu hiyo faili la mtu usiyemujua, unaamua pia kwa niaba yao.

Kwa hiyo mara nyingine mtu akiuliza ndani ya kundi "ni VPN gani ya muzuri", tusimutumie orodha. Tumuulize kwanza: unataka kujificha kwa nani, na kwa kazi gani? Akijibu hayo mawili, nusu ya jibu amekwisha kulipata mwenyewe. Kama muko na VPN munayoitumia na ambayo sikuitaja, muiandike hapa chini, pamoja na jina la mwenyewe na namna anavyopata pesa. Tuikosoe pamoja.